Ule mtambo wa makaa wa Lamu haungetutoa gizani

Kila stima ikipotea nchi nzima lazima mtu aandike "mngekubali ule mtambo wa Lamu saa hii tusingekuwa gizani". Nimeiona tena juzi na imeniuma, manake watu wanadhani sisi wa Lamu tulikataa kwa sababu ya samaki na mikoko peke yake. Samaki ni sababu, mikoko ni sababu, bomba la moshi la mita 210 karibu na mji wa kale ulioko orodha ya UNESCO tangu 2001 ni sababu tosha kabisa. Lakini hata hayo ukiyaweka kando, kwa gridi yenyewe, yaani mtandao wa stima wa nchi nzima, hesabu ilikuwa haiingii.

Mtambo ulipangwa kujengwa Kwasasi, megawati 1,050, mashine tatu za 350 kila moja, na makaa yaanze kuletwa na meli kutoka Afrika Kusini. 2019, mwaka ambao tribunali ya mazingira ilifuta leseni yake, Kenya nzima jioni kila mtu amewasha taa, tivi, pasi na shawa ya stima, mahitaji yalikuwa hayafiki megawati 2,000. Yaani kituo kimoja tu kina uwezo wa kubeba zaidi ya nusu ya nchi!

Na gridi haina ghala. Stima inayotengenezwa dakika hii ndo inayotumika dakika hii. Mashine za Olkaria zinazoendeshwa na mvuke wa ardhini, za mabwawa ya Mto Tana, zote zinazunguka kwa mwendo mmoja, hertz 50, sasa moja kubwa ikizimika ghafla zilizobaki zinalemewa, mwendo unashuka, ukishuka sana mitambo ya ulinzi inaanza kukata mitaa, na kama haitoshi stesheni nazo zinajizima zenyewe zisiharibike, hapo ndo giza la nchi nzima. Tulionja tarehe 25 Agosti 2023, hadi uwanja wa ndege wa JKIA ukakaa giza, na siku ile kilichotoka kwenye gridi ni umeme wa upepo wa Turkana kama megawati 270 hivi. Mashine moja tu ya Kwasasi ingekuwa 350. Ili ulale usingizi lazima uweke akiba ya kiasi hichohicho imekaa tayari muda wote, na hiyo akiba inalipiwa na mimi na wewe kwa tokeni.

Alafu kuna usiku. Saa nane za usiku watu wamelala, viwanda vingi vimefungwa, na Olkaria wanaachilia mvuke uende hewani kwa sababu hakuna wa kutumia hiyo stima. Mvuke wetu wenyewe, kisima kishachimbwa kishalipiwa! Boila ya makaa nayo haizimwi na kuwashwa ovyo, ikipoa kuipasha tena ni masaa na masaa, kwa hivyo inapenda kukaa imewaka usiku kucha. Nani angempisha mwenzake? Na mkataba ulikuwa wa kulipa stima uitumie usiitumie, wachambuzi wa IEEFA, taasisi inayochunguza uchumi wa nishati, walipiga hesabu 2019 wakapata kama dola milioni 360 kila mwaka kwa miaka 25.

Sikatai, mashine nzito ya makaa ina faida yake, uzito wake unasaidia gridi isiyumbe, na nchi nyingi zimejengwa juu yake. Lakini angalia hao Afrika Kusini ambao stima yao nyingi ni ya makaa. Mashine namba 4 ya Medupi, kituo chao kikubwa cha makaa, ililipuka Agosti 2021 ikakaa nje karibu miaka minne, nyingine zikawa zinaharibika kila mara, na 2023 watu wakakatiwa stima masaa kibao kwa siku. Makaa walikuwa nayo tele.

Shida yetu sasa hivi ni jioni, kati ya saa moja na saa nne, mahitaji yameshapita megawati 2,300 na hata ile stima tunayonunua Ethiopia haitoshi. Shida nyingine ni laini za kusafirisha stima. Sisi Lamu stima inatufikia kwa laini moja ndefu kutoka Garsen, ikiguswa popote njiani tumekwisha, hata kama Olkaria mvuke umejaa. Mtambo wa makaa hautibu hiyo.

Oktoba 2025 mahakama ya Malindi iliitupa rufaa ya kampuni iliyotaka kuujenga, na bado nasikia watu wanaulizia makaa. Mi nasema hizo pesa ziwekwe kwa betri za kuchukua stima ya Olkaria usiku na kuitoa jioni inayofuata, na sisi Lamu tuletewe laini ya pili.