Pembe au bibi? Kusoma barua za zamani za Unyanyembe

Zipo nyumba Tabora (eneo la Unyanyembe ya zamani) na Ujiji ambazo bado zina barua za karne ya 19 ndani ya sanduku la bati: Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, karatasi imekunjwa mara nne. Mjukuu aliyepita madrasa akijaribu kuzisoma hukwama mstari wa pili. Kosa si lake. Mwandishi wa zamani alikuwa akibana sauti za Kiswahili ndani ya herufi zisizozitosha.

P aliiandika kwa ba, v kwa fa, ch mara nyingi kwa shini, g kwa ghaini. M na n zinazotangulia konsonanti nyingine aliziacha kabisa: mbuzi ikawa "buzi", ndugu ikawa "dughu". E na i zote ni kasra (alama ya chini ya herufi), o na u zote ni dhumma (alama ya juu yake). Sasa andika pembe kwa kanuni hizo: ba yenye kasra, kisha ba yenye kasra. Ndivyo inavyoandikwa bibi vilevile! Katika mji uliokaa juu ya biashara ya meno ya tembo, kosa hilo linaweza kuongeza mke katika ukoo au kumfuta. Tazameni jirani ya neno. Likitanguliwa na frasila (ratili 35, karibu kilo 16), hiyo ni pembe. Vipimo vingine vya kuzoea ni vya nguo: shuka ni mikono 4, doti ni mikono 8.

Kwa hiyo msisome na kutafsiri kwa pamoja. Nakilini kwanza herufi kama zilivyo, mstari kwa mstari, kwa penseli, na palipotoboka acheni nafasi. Chini yake andikeni usomaji wenu. Kisha msomeeni mzee kwa sauti. Sikio lake hukamata jina ambalo jicho limelipita.

Salamu ni ndefu na wengi huzirukia hadi "ama baada", habari zinapoanza. Naomba msifanye hivyo. Orodha ya wanaosalimiwa, mwanzo au mwisho, mara nyingi ndiyo mahali pekee ambapo watoto, shangazi na watu wa nyumbani wametajwa majina.

Tarehe ni ya Hijria. Zidisheni mwaka kwa 0.97, ongezeni 622, mtapata mwaka wa Kizungu kwa kukaribia. 1300 ilianza Novemba 1882. Angalieni tarakimu: duara ni tano, nukta ndiyo sifuri. Kama tarehe imeliwa, habari zenyewe husaidia. Barua inayolalamika kwamba Mirambo, mtemi wa Urambo (huenda kaandikwa "Mirabo"), amefunga njia ni ya kati ya 1871, vita vilipoanza, na 1884 alipofariki. Msitarajie jibu kuwa na tarehe ya karibu pia. Mfuko wa barua za Livingstone uliokuwa na tarehe 1 Novemba 1870 Stanley aliukuta umekwama Unyanyembe, na ulimfikia mwenyewe Ujiji baada ya mwaka mzima.

Karatasi sasa. Wino wa masizi na gundi hauli karatasi, ila maji huuyeyusha. Wino wa chuma hubadilika kahawia na kutoboa karatasi palepale penye herufi. Yote miwili haitaki kupanguswa kwa kitambaa kibichi. Mkunjo mgumu msiulazimishe, utakatika. Wekeni barua ndani ya ndoo yenye kifuniko, juu ya kichujio kilichoinuliwa, na taulo lenye unyevu chini bila kugusana. Kagueni kila nusu saa. Ikilegea, ilazeni kati ya vitambaa safi vya pamba chini ya ubao kwa siku mbili. Kuiacha ndoo usiku kucha ni kukaribisha kuvu.

Selotepu na leminesheni hapana, kabisa. Gundi hugeuka njano na kupenya, plastiki iliyochomwa haitoki tena. Pini zenye kutu ziondolewe. Fungeni kwa kitambaa cha merikani (pamba) kilichofuliwa mpaka wanga wote utoke, maana wanga ndio chakula cha wadudu, na sanduku likae juu ya matofali, mbali na ukuta, ili njia ya mchwa ionekane mapema.

Mkipiga picha kwa simu, pigeni kivulini asubuhi, simu sambamba na karatasi, rula pembeni, na pande zote mbili: jina la mpokeaji, na pengine la aliyebeba barua, huwa mgongoni.