Siku moja na fundi wa AC Dodoma, msimu wa vumbi

Saa 11:40 alfajiri

Simu ya kwanza inaingia kabla sijanawa uso. "Fundi, AC yangu imeisha gesi, njoo unijazie." Hata salamu hakuna, basi naanza mimi: shikamoo mama. "Marahaba mwanangu, samahani, jana mchana kutwa nimeteseka kwa joto."

Septemba hii simu zangu nyingi zinaanza na maneno hayo hayo ya gesi kuisha, na nyingi kati ya hizo hazina uhusiano wowote na gesi. Ni vumbi. Dodoma mvua ikishakatika mwishoni mwa Aprili hainyeshi tena ya maana mpaka Desemba. Katikati hapo upepo wa mashariki unavuma kutwa, mji unajengwa kila upande, na mitaa mipya mingi barabara zake ni udongo mtupu. Vumbi linaingia dirishani, na AC ndiyo inayolivuta kuliko kitu kingine chochote ndani ya nyumba.

Nje bado kuna baridi ya sweta. Wageni wakisikia "Dodoma ukame" wanadhani ni joto saa 24. Tuko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari; alfajiri unaweza kukuta nyuzi 15, mchana 30, siku hiyo hiyo moja.

Saa 1:15 asubuhi

Kijana wangu, zao la chuo cha ufundi cha VETA, ameshafika na bajaji. Ngazi juu, imekazwa kwa mipira ya tairi. Ndani: mashine ya kuoshea, geji ya kupimia presha ya gesi, pampu ya vakyumu ya kunyonya hewa kwenye mabomba, klampu mita ya kupimia ampia, mitungi miwili ya gesi imesimamishwa wima na kufunikwa gunia isipigwe jua. Dereva anauliza, "Leo ruti gani, wakuu?" Area D, Ilazo, Nzuguni, halafu Njedengwa kufunga mpya. Anapiga hesabu ya mafuta kimoyomoyo, anataja bei, tunavutana kidogo, tunaondoka.

Saa 2:00, Area D

Ni kwa yule mama wa alfajiri. Ananikaribisha huku analalamika: fundi mwingine alimjazia Machi, akaja tena Juni, sasa imeisha tena.

Hapa huwa natulia nieleze, maana ndipo watu wanapopoteza hela. Gesi ya AC si mafuta ya gari. Haichomwi wala haitumiki. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na mashine ikifungwa vizuri gesi ile ile inakaa miaka na miaka. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Fundi anayekujazia bila kutafuta panapovuja amekuuzia gesi ya kwenda hewani.

Kwa hiyo geji inabaki kwenye begi. Kwanza napanda ngazi nafungua uso wa mashine ya ndani. Filta haionekani wavu wake, ni blanketi la vumbi la rangi ya udongo mwekundu, nikiligusa linabanduka zima zima. Nyuma yake koili, yale mabomba yaliyokunjwa yanayopoza hewa, imeshika barafu nyeupe, na nje bomba la kopa nalo limeganda. Barafu hiyo ndiyo inayowadanganya mafundi wengi. Kweli gesi ikipungua bomba linaganda, lakini hewa isipopita kwenye koili linaganda vile vile: ubaridi hauna pa kwenda, unajirundika pale pale, chumba kinabaki na joto.

Kuichokoa barafu kwa bisibisi ni kutoboa koili. Tunazima kompresa, ile pampu inayozungusha gesi, tunaacha feni peke yake ipulize, na mama analeta chai na maandazi tukisubiri iyeyuke. Kijana anafunga mfuko wa nailoni chini ya mashine, mdomo wake ndani ya ndoo, tunaosha kwa maji ya presha ndogo kutoka juu kwenda chini. Vile vibati vyembamba vya alumini kwenye koili ukivipiga presha ya kuoshea gari vinalala, ukishavilaza umeziba njia ya hewa wewe mwenyewe. Maji yanatoka ya udongo, halafu meusi ya ukungu uliokuwa umejificha kwenye feni ya ndani. Feni hiyo naisugua kwa mswaki wa zamani, panga moja baada ya jingine. Ni kazi ya kuchosha shingo, na ndiyo inayorukwa na mafundi wa sevisi za haraka haraka.

Sasa geji. Ni mashine ya gesi aina ya R410A, na upande wa kuvuta unasoma zaidi ya psi 150 wakati inatakiwa iwe kwenye 120 hivi. Ampia ziko juu ya zile zilizoandikwa kwenye kibati cha mashine. Maana yake gesi haikuisha hata siku moja. Ilijazwa kupita kiasi, mara mbili. Naivuta kidogo kidogo kwenye mtungi mtupu, siiachii hewani, mpaka presha na ampia zinakaa sawa. Hewa inayotoka mdomoni sasa ina nyuzi 13.

Mama anasimama chini yake, anafunga macho. "Kwa hiyo ile hela ya Machi na Juni?" Hilo sina jibu lake. Namwonyesha jinsi ya kuchomoa filta mwenyewe: iosheni chini ya bomba, ikaukie kivulini kwa sababu jua linaipinda, kila wiki mbili mpaka mvua zianze. Hiyo haihitaji fundi.

Saa 4:45, Ilazo

Hapa kuna mtoto mchanga, na tatizo ni kinyume. Baba yake alinitumia video usiku: mashine ya nje inadondosha maji, kibaraza kimelowa. "Kaka, gesi inamwagika."

Gesi haimwagiki ikafanya dimbwi. Ikitoka inapotelea hewani. Namuuliza kama waliiwasha kwa joto. Ndiyo, rimoti iko kwenye alama ya jua, nyuzi 30, kwa ajili ya mtoto. Basi mashine iko sawa kabisa. Ukiiweka kupasha, inageuza mzunguko: joto linachukuliwa nje linaingizwa ndani, ile koili ya nje ndiyo inayokuwa ya baridi, na mvuke wa hewa unageuka maji juu yake. Yale maji unayoyajua yakitoka kwa ndani, sasa yanatoka kwa nje.

Kilichokosekana ni kiwiko kidogo cha plastiki cha kuchomeka chini ya mashine ya nje ili maji yaelekezwe kwenye bomba. Huwa kinakuja ndani ya boksi. Waliofunga kwa mazoea ya Dar hukitupa, maana Dar nani anapasha joto? Nina vichache begini, nachomeka kimoja, naunga mpira hadi kwenye maua.

Ila nyuzi 30 ni nyingi, na hewa ya Dodoma msimu huu ni kavu tayari. Ukiipasha inakuwa kavu zaidi. Nawashauri washushe hadi 23 na waweke beseni la maji chumbani. Bibi wa mtoto, aliyekaa mkekani, anasema ndivyo alivyowaambia tangu juzi na hakuna aliyemsikiliza.

Saa 6:30 mchana

Soko la Sabasaba. Nanunua kapasita mbili za mikrofaradi 35, zile zinazoipa kompresa nguvu ya kuanza, na mkanda wa kufungia mabomba. Kwa mama ntilie ni "mbukwenyi" kwanza, salamu ya Kigogo, halafu ugali na mlenda, kijana anachukua wali maharage kama kawaida ya watu wa pwani. Ni msimu wa zabibu, kwa hiyo dereva wa bajaji anarudi na mfuko tunaoumaliza njiani.

Saa 8:00, Nzuguni

Sasa huyu kweli gesi imeisha. Mzee alikuja na wizara serikali ilipohamia, akang'oa na AC yake kutoka nyumba ya Dar akaja nayo. Ni ya gesi ya zamani, R22. Nikishika koili ya nje, alumini inabanduka mkononi kama unga. Ule ni ulaji wa chumvi ya bahari, haukuanza hapa. Napaka povu la sabuni kwenye nati: kavu. Napaka kwenye kona za chini za koili, na hapo yanatokea mapovu madogo madogo yasiyokoma, sehemu tatu tofauti.

Ningeweza kuchomea hizo tatu na kujaza, nikachukua hela yangu. Mwezi ujao itatoboka ya nne. Halafu R22 yenyewe inaondolewa: ni miongoni mwa gesi zinazoharibu tabaka la ozoni chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, na nchi zinazoendelea kama yetu zinaipunguza hatua kwa hatua kuelekea 2030. Na huwezi kumimina R410A mle ukasema umemaliza; presha yake ni kubwa mno kwa mashine ile, na oili ya kompresa ni tofauti.

Namwambia ukweli: mzee, hii pumzisha. Anakasirika kidogo. "Nyie vijana kazi yenu ni kununulisha watu vitu." Namwonyesha mapovu. Anainama, anayatazama muda mrefu, anauliza, "Sasa kwa chumba hiki ninunue ya ngapi?" Chumba ni mita nne kwa nne, dari ya jipsam, dirisha moja la magharibi. BTU 12,000, yaani nguvu ya kupoza, inatosha. Jirani yake alishauriwa 24,000 kwa chumba kama hicho, ikawa inapoa dakika tano inazima, dakika tano inawaka, na mita ya LUKU inalia. Na achukue ya inveta, inayopunguza kasi ya kompresa chumba kikishapoa, kama mfuko unaruhusu, kwa sababu ya kawaida ya 12,000 inakula karibu uniti moja kila saa ambayo kompresa inazunguka.

Saa 9:20

Nikiwa njiani, dada mmoja anapiga kuuliza kama "feni za maji" zinafaa au ni utapeli. Kwa Dar ningemwambia aache, hewa ya kule imeshajaa unyevu na maji hayakauki. Kwa Dodoma miezi hii zinafaa sana, ndiyo sehemu zake hasa: maji yanakauka haraka na yanapokauka yanapooza hewa, kwa wati 100 hadi 200 tu. Masharti: dirisha liwe wazi kidogo, pedi zioshwe, na asitegemee makubwa Januari hadi Machi. Nafikiri watu wengi hapa mjini wangeanzia huko kabla ya kukopa kununua AC. Najua najiharibia soko.

Saa 10:00 alasiri, Njedengwa

Kufunga mpya. Mwenye nyumba anataka mashine ya nje ukuta wa mashariki "isionekane kutoka barabarani". Nakataa. Feni ikielekea mashariki itapambana na upepo siku nzima na kurudishiwa joto lake. Tunakubaliana ukuta wa kusini, chini ya upenu.

Mabomba yakishaungwa, vakyumu. Wapo wanaofungua gesi kidogo isukume hewa nje, wanasema inatosha. Haitoshi, unyevu unabaki ndani na kompresa inakufa mapema. Tunaiacha pampu ifanye kazi, na kijana wangu ananiita: mshale umeganda kwenye inchi 26 za zebaki, haufiki 30 kama walivyofundishwa. Anadhani pampu mbovu. Pampu nzima. Ule 30 ni wa usawa wa bahari. Hapa juu hewa ni nyepesi, na 26 ndiyo mwisho wake. Anaandika kwenye simu yake. Tunazima pampu, tunafunga koki, tunakaa nusu saa tukiutazama mshale. Haurudi. Ndipo nafungua gesi.

Saa 1:10 usiku

Mteja wa mtaa wa Kisasa: AC inaunguruma halafu inazima, anataka kapasita mpya. Ninazo mbili. Ila kwanza napima umeme kwenye soketi: volti 176, wakati inatakiwa 230. Mtaa mzima umewasha kila kitu kwa pamoja, kompresa haina nguvu ya kuanza. Kapasita yake napima, nikiwa nimeishusha chaji kwanza kwa sababu inarusha mtu hata ukiwa umezima swichi kuu, iko sawa. Anachohitaji ni kifaa cha kulinda volti, chenye kuchelewesha dakika tatu kabla ya kuwasha, na kwa usiku huu avumilie mpaka saa 4, majirani wakizima majiko.

"Kwa hiyo hujatengeneza kitu?" Nimepima. Kupima nako kuna bei yake, kaka. Anacheka, anasema atatuma.

Saa 2:45 usiku

Nimeoga, maji yamekuwa ya udongo. Kijana kalipwa, bajaji kalipwa. Mama wa Area D katuma picha ya filta imeanikwa kwenye kamba ya nguo, juani, saa tisa mchana. Namjibu: mama, kivulini. Wa Kisasa bado hajatuma.