Modeli ya jengo la kumbukumbu la Lincoln: nguzo zimesimama

Nguzo zote 36 za nje zimeshakaa kwenye ubao. Natumia kipimo cha 1:100, na kwa kuwa zile za jengo halisi kule Washington zina urefu wa takribani mita 13.4, zangu ni sentimita 13.4. Nimezichonga kwa mbao laini, zikipungua unene kuelekea juu, kisha nikazipiga msasa. Chini hazina kitako, maana nguzo za mtindo wa Kidoriki husimama moja kwa moja sakafuni, kama za Parthenon, hekalu la kale la Kigiriki kule Athens.

Kazi tamu ilikuwa kuziinamisha. Iktinos na Kallikrates, wasanifu wa Parthenon, waliziinamisha kidogo nguzo za nje kuelekea ndani, na Henry Bacon, msanifu wa jengo la Lincoln, naye akafanya vivyo hivyo, ili jengo lisionekane limetanuka juu. Nimetia ukanda mwembamba wa karatasi ya manila chini ya ukingo wa nje wa kila nguzo. Ukisogea karibu huuoni mwinamo, lakini ukirudi nyuma hatua chache jengo zima limetulia.

Mengine Bacon aliyabadili. Pembetatu ya paa aliiacha, na mlango akauweka upande mrefu, ilhali hekalu la Kigiriki huingiwa kwa upande mfupi. Ndani, pale ambapo Parthenon iliweka sanamu ya mungu wa kike Athena, kazi ya Pheidias, imeketi sanamu ya Lincoln, rais aliyechaguliwa kwa kura, kazi ya Daniel Chester French.

Hesabu ya nguzo ndiyo inayonigusa zaidi. Ni idadi ya majimbo ya Marekani Lincoln alipouawa mwaka 1865, na majina ya majimbo hayo yamechongwa juu ya nguzo hizo. Yale ya Kusini yaliyojitenga yamo pia, yakibeba paa lile lile. Nadhani hakuna hotuba inayoeleza Muungano wa Marekani vizuri kuliko hapo.

Ila demokrasia ya Athens iliwaacha nje watumwa na wanawake, na jengo hili lilipozinduliwa tarehe 30 Mei 1922, wageni weusi walitengewa viti vyao pembeni. Ilikuwa tarehe 28 Agosti 1963 ndipo Martin Luther King alipohutubia umati akiwa kwenye ngazi zake.

Kwa hiyo ngazi hizo sitaki kuzitengeneza harakaharaka. Kadibodi nimeshainunua, wiki ijayo nakata vidato, na ile sehemu pana aliposimama King nitaiwekea maandishi yake kwa kalamu ya wino.