Kumbukumbu ya mradi: kuitafuta magnoni mbili kwenye oksidi ya nikeli

Kinachopimwa ni J, yaani nguvu inayozifunga spini (sumaku ndogondogo) za ioni za nikeli, kwa mwanga peke yake. Ndani ya oksidi ya nikeli (NiO), spini mbili zilizotenganishwa na oksijeni hukaa zimepeana migongo, na mpangilio huo hudumu hadi 523 K. Fotoni (chembe ya mwanga) ya leza ikizipindua zote mbili kwa mpigo, yaani ikiamsha magnoni mbili (magnoni ni wimbi la spini iliyopinduliwa), hutoka na nishati pungufu. Upungufu huo ndio tunaousoma, kwa kipimo cha cm⁻¹.

Sampuli ni mbili, zote kutoka hidroksidi ya nikeli: moja imechomwa 400 °C kwa saa 3, nyingine 1,100 °C kwa saa 6. Ya kwanza ilitoka nyeusi kwa sababu ina nafasi nyingi zilizokosa nikeli. Ya pili kijani. Unga huu ukivutwa puani huleta saratani, kwa hiyo usagwe ukiwa umeloweshwa ethanoli, ndani ya kabati la kufyonza hewa.

Leza ni ya 532 nm, lenzi mara 50, kipimo kimesahihishwa kwa silikoni (520.7 cm⁻¹). Tumechagua gratingi (kioo chenye mistari kinachotawanya rangi za mwanga) ya mistari 600 kwa milimita, si 1,800: kilele tunachokitafuta ni kipana mno, na dirisha jembamba huficha kinapoanzia na kinapoishia.

Kwa 10 mW sampuli nyeusi haikuonyesha magnoni kabisa, ila uvimbe mkubwa karibu na 570 cm⁻¹ wa mitetemo ya kawaida ya atomu. Weusi hunywa mwanga, unga unapata moto, spini zinalegea. Ya kijani kwa 1 mW, sekunde 60 mara 20, ilitoa vilele vya mitetemo vya 730, 906 na 1,090, kisha mlima mpana karibu na 1,490, ambao ndio tunaoutafuta.

Juu ya mlima huo zilikaa sindano mbili, 1,465 na 1,528. Si za sampuli! Ni zebaki ya taa ya tyubu ya chumbani: mistari yake ya 577 na 579 nm huangukia hapo hapo ukitumia leza hii. Taa ilipozimwa, zikatoweka.

Ushahidi kwamba mlima ni wa sumaku ulitokana na kupasha joto: kufikia 200 °C ulishuka na kutanuka, huku kilele cha mitetemo cha 1,090 kikibaki karibu palepale.

Hesabu: kila spini (S = 1) ina wenza 6, hivyo kupindua mbili ni 12J, toa J moja ya kiungo wanachochangia, zinabaki 11J. 1,490 ÷ 11 ni 135 cm⁻¹, takriban 16.8 meV (kipimo kingine cha nishati). Vipimo vya nyutroni, mwaka 1972, vilitoa J ya kama 19 meV. Sehemu ya pengo ni joto la chumba. Kwenye baridi kali kilele hupanda hadi karibu 1,560.

Kinachofuata ni kupoza sampuli kwa naitrojeni kimiminika, 77 K. Hewa itolewe kwanza kwenye chombo cha sampuli, la sivyo kioo cha dirisha lake kitaganda barafu.