Kumfuata Kipunji na DNA Yake Kutoka Iringa Hadi Rungwe

Nilipanga safari ya Rungwe kwa sababu ya mnyama mmoja na molekuli moja. Mnyama ni kipunji, kima mwenye manyoya marefu ya kahawia na kishungi kichwani, ambaye duniani kote anajulikana kuishi Tanzania peke yake, katika misitu ya Rungwe na Kitulo upande wa Mbeya na Njombe na katika msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa. Molekuli ni DNA, inayobeba maelezo ya urithi ndani ya seli, ambayo ilisababisha wataalamu wabadili kauli yao kuhusu jamaa za kima huyo mwaka mmoja tu baada ya kumtangaza. Mimi ni mwalimu wa baiolojia mkoani Iringa, na nimeamini kwa muda mrefu kwamba mwanafunzi wa Mafinga au wa Tukuyu ataielewa DNA vizuri zaidi akianzia kwenye msitu anaouona kutoka dirishani mwa darasa lake kuliko akianzia kwenye njegere za bustani ya watawa wa Brno, ingawa njegere hizo, ambazo Gregor Mendel alichunguzia urithi na kutoa taarifa zake mwaka 1865, zinastahili heshima yote.

Basi liliondoka Iringa alfajiri, likapita Ipogolo na kushika barabara kuu ya Mbeya huku ukungu ukiwa bado umelala mabondeni. Kando yangu aliketi mama mmoja mfanyabiashara wa viazi aliyekuwa akienda Makambako. Baada ya kusalimiana na kuulizana habari za nyumbani, aliyatupia macho maandishi niliyokuwa nikiyasoma, akauliza, “Mwalimu, hiyo DNA si ndiyo ile wanayopima kwa Mkemia Mkuu kumtafuta baba wa mtoto?” Nikamjibu kwamba ndiyo hiyohiyo, na kwamba upimaji wake nchini mwetu una sheria yake maalumu ya mwaka 2009, lakini kumtambua baba ni sehemu ndogo tu ya habari yenyewe. Akataka kujua ni nani aliyeigundua. Wengi waliosoma hulijibu swali hilo upesi kwa kuwataja Watson na Crick, walioeleza umbo la DNA mwaka 1953, na kwa kufanya hivyo huruka zaidi ya miaka themanini ya kazi ya watu wengine.

Nilimsimulia habari za Friedrich Miescher, daktari kijana kutoka Uswisi, ambaye mwaka 1869 alikuwa akifanya kazi mjini Tübingen, Ujerumani, katika maabara iliyowekwa kwenye jiko la zamani la ngome ya mji huo. Alichukua bendeji zilizoloa usaha kutoka hospitali, akaziosha ili apate seli nyeupe za damu, akaziyeyusha protini za seli hizo kwa kimeng’enya kilichotolewa kwenye tumbo la nguruwe, na kutoka katika viini akabaki na kitu cheupe chenye fosforasi nyingi, kisichofanana na protini yoyote iliyojulikana. Akakiita nukleini. Mkuu wake, Felix Hoppe-Seyler, hakukubali kuyachapisha matokeo hayo mpaka alipoyarudia majaribio kwa mikono yake mwenyewe, na ndiyo maana yalitoka mwaka 1871. Mama yule alistaajabia usaha kuliko jambo jingine lolote. Mimi huwa nastaajabia zaidi subira ya watu hao wawili, mmoja aliyeosha bendeji ambazo wengine walizitupa na mwingine aliyekataa kuamini kabla ya kujaribu.

Tulipokuwa tukipita katikati ya misitu ya kupandwa ya Sao Hill, nilikuwa nimefika London, mwaka 1928, kwa Frederick Griffith na panya wake. Griffith alikuwa na aina mbili za bakteria wa nimonia: wenye ganda laini, ambao walimuua panya, na wasio na ganda, ambao hawakumdhuru. Bakteria wenye ganda waliokwisha kuuawa kwa joto hawakumdhuru panya pia. Lakini alipowachanganya hao waliokufa na wale hai wasio na ganda, panya walikufa, na ndani ya miili yao akakuta bakteria hai wenye ganda, ambao waliendelea kuzaa wengine wenye ganda. Maana yake ni kwamba kitu fulani kilitoka kwa wafu kikawaingia walio hai, kikawabadilisha wao na vizazi vyao. “Mbona hiyo ni kama habari ya mizimu,” mama alisema kwa sauti ya chini, na sikuona sababu ya kumpinga, kwa kuwa hata wanasayansi wa wakati ule hawakujua kitu hicho ni nini.

Jibu lilipatikana New York mwaka 1944, katika Taasisi ya Rockefeller, na kwa maoni yangu jaribio hilo linastahili kufundishwa kabla ya umbo lenyewe la DNA. Oswald Avery, Colin MacLeod na Maclyn McCarty walikitenga kile kitu kinachobadilisha bakteria, kisha wakakijaribu kwa vimeng’enya mbalimbali. Kimeng’enya cha kuvunja protini hakikukizuia kufanya kazi, na cha kuvunja RNA, molekuli jamaa ya DNA, vilevile hakikukizuia. Walipotumia kile kinachovunja DNA, uwezo wote wa kubadilisha ulikoma. Hata hivyo wengi walisita kukubali, kwa sababu protini zina aina ishirini za asidi amino ilhali DNA ina aina nne tu za besi, vijenzi vilivyo kama herufi zake, na ilionekana vigumu kuamini kwamba herufi nne zinatosha kuandika kiumbe kizima. Shaka ilipungua sana mwaka 1952, Alfred Hershey na Martha Chase walipoonyesha kwamba virusi vinavyoshambulia bakteria huingiza ndani DNA yao na kuacha sehemu kubwa ya protini nje. Griffith hakuyaona hayo, kwani alikufa katika mashambulizi ya mabomu London mwaka 1941, na Avery alifariki mwaka 1955 bila kupewa Tuzo ya Nobel. Jambo hilo hunisikitisha kila ninapolifundisha.

Makambako mama aliteremka na kuniombea safari njema. Kutoka hapo barabara inashuka kuelekea Igawa, na upande wa kaskazini uwanda wa Usangu unaonekana ukiwa umetandazwa na mashamba ya mpunga. Chimala tulisimama kidogo tu. Uyole nilibadilisha gari. Hapo kipo kituo cha utafiti wa kilimo ambacho mbegu zake za maharage zinalimwa kote nyanda za juu, na anayechagua mbegu ya maharage kwa rangi, ladha na uvumilivu wa magonjwa anachagua DNA, ajue au asijue. Kosta ya Tukuyu ilipanda hadi Isyonje kwenye baridi kali, kisha ikateremka kupitia Kiwira katikati ya migomba na chai.

Mwenyeji wangu Tukuyu ni mwalimu mwenzangu, na kidato chake cha nne kilikuwa kimefika kwenye mada ya urithi. Tuliamua kutoa DNA kwenye ndizi mbivu. Wanafunzi waliziponda, wakachanganya na maji yenye chumvi na sabuni ya kuoshea vyombo, wakachuja kwa kitambaa safi, kisha wakamimina taratibu juu yake spiriti iliyokuwa imelala ndani ya friza ya duka jirani. Sabuni huvunja utando wa mafuta unaoizunguka seli na kiini chake, chumvi huifanya DNA ijikusanye, na kwa kuwa DNA haiyeyuki ndani ya spiriti, hujitenga. Kati ya tabaka mbili vikapanda vinyuzi vyeupe kama ute, na darasa zima likasogea mbele. Niliwaeleza kwamba wanachokiona ni mamilioni ya molekuli zilizoshikana, tena pamoja na RNA na mabaki ya protini, maana uzi mmoja wa DNA una upana wa nanomita 2 tu, yaani sehemu mbili za bilioni za mita, na hakuna jicho linaloweza kuuona. Miescher naye aliona mashada meupe ya namna hiyo.

Msichana mmoja aliuliza umbo lilijulikanaje basi, ikiwa haionekani. Nilifurahi mno, kwa sababu swali hilo linampa Rosalind Franklin nafasi yake. Katika Chuo cha King’s, London, mwezi Mei 1952, Franklin na mwanafunzi wake Raymond Gosling walipitisha mionzi ya eksirei kwenye uzi wa DNA uliotunzwa katika unyevu, na filamu ikaonyesha madoa yaliyopangika kwa umbo la msalaba, ambayo kwa anayejua hesabu zake ni alama ya kitu kilichosokotwa. Vipimo vilionyesha kwamba msokoto unakamilisha mzunguko mmoja kila nanomita 3.4 na kwamba besi zimepangwa kwa umbali wa nanomita 0.34, yaani jozi kumi katika kila mzunguko. Franklin alikuwa pia amesisitiza kwamba fosfeti, sehemu za DNA zenye fosforasi, lazima ziwe upande wa nje. Maurice Wilkins aliionyesha picha hiyo kwa James Watson mapema mwaka 1953 bila Franklin kujua. Erwin Chargaff naye alikuwa amekwisha kupima na kukuta kwamba kiasi cha adenini hulingana na cha thaimini, na cha guanini na cha sitosini. Watson na Francis Crick, pale Cambridge, waliziunganisha habari hizo katika mfano mmoja, uliochapishwa tarehe 25 Aprili 1953. Ilipotolewa Tuzo ya Nobel mwaka 1962 kwa wao wawili na Wilkins, Franklin alikuwa amefariki miaka minne kabla, akiwa na umri wa miaka 37.

Ubaoni nilichora nyuzi mbili zinazokwenda pande zilizo kinyume, sukari na fosfeti nje, besi ndani, adenini ikishikana na thaimini, guanini na sitosini. Nikafuta uzi mmoja na kumwomba mvulana wa dawati la nyuma aurudishe kwa kuutazama uliobaki. Aliurudisha bila kukosea hata herufi moja. Nilimwambia kwamba seli hufanya hivyo kila inapojigawa, na kwamba mwaka 1958 Matthew Meselson na Franklin Stahl walithibitisha kuwa kila nakala mpya ina uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya. Ndiyo maana mgomba usio na mbegu unaendelea kuzaa mkungu uleule kizazi baada ya kizazi kwa chipukizi tu.

Siku iliyofuata tulipanda msitu wa Mlima Rungwe na mzee mmoja anayewaongoza wageni. Tulitembea muda mrefu kwenye tope na mianzi kabla ya kusikia sauti nzito kama ya kubweka, na mzee akaonyesha juu bila kusema neno. Kipunji walikuwa kundi zima, wakila majani kwenye matawi ya juu, nyuso nyeusi, mikia mirefu yenye ncha nyeupe. Watafiti walipata habari zao kutoka kwa wawindaji wa hapa mwaka 2003, na mwaka 2004 wengine wakawaona Ndundulu bila kujua habari za wenzao. Mwaka 2005 walitangazwa kwa kutegemea picha, na kwa sura wakahesabiwa miongoni mwa mangabei, jamii nyingine ya kima. Baadaye mmoja alinaswa na kufa kwenye mtego wa mkulima, DNA yake ikasomwa, na mwaka 2006 ikaonekana kwamba yuko karibu zaidi na nyani kuliko na mangabei hao. Akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake katika uainishaji wa viumbe, Rungwecebus.

“Nyani hawahawa wanaotumalizia mahindi?” mzee aliuliza. Nikamweleza kwamba ipo DNA nyingine ndogo, ya mitokondria, vijisehemu vya seli vinavyotoa nishati, ambayo mtoto huipata kwa mama tu, na kwamba kwa kipunji wa Rungwe DNA hiyo inafanana sana na ya nyani wa manjano, ilhali kwa wale wa Ndundulu haiko hivyo.

“Basi bibi yao mmoja aliolewa kutoka kwa nyani,” alisema.

Nilimwambia kwamba watafiti nao wanaeleza hivyohivyo: zamani sana nyani jike alizaa na kipunji dume, na mabinti wakabaki msituni na ukoo wa baba yao. Mwenyeji wangu alitoa daftari lake palepale na kuanza kuandika zoezi la kidato cha nne, lenye safu tatu za herufi, ya kipunji wa Rungwe, ya kipunji wa Ndundulu na ya nyani, ili wanafunzi watafute wenyewe ni zipi zinazofanana.