Catalina Yangu na Kutu Isiyokuwapo

Mjomba aliigeuza ndege tumbo juu, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, kisha akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, sufuria ya mamako ushaiona yapiga kutu?"

Sikumwelewa mara moja. Nilikuwa nimeimaliza usiku wa kuamkia siku hiyo: Catalina, ndege ya kutua majini, ya plastiki na ndogo mara 72 kuliko halisi (kipimo cha 1/72), mabawa yake kama sentimita 44 kutoka ncha hadi ncha. Nilichojivunia zaidi ni kutu. Niliipaka kila mahali, kwenye mishono ya mabati, kandokando ya milango, chini ya mabawa, michirizi ya rangi ya matofali ikishuka mpaka kwenye mkuku. Video nilizojifunzia zilikuwa za vifaru. Kifaru ni chuma. Catalina ni alumini, na alumini haitoi kutu nyekundu. Ikilika na chumvi hutoa ungaunga mweupe, ule ule ambao Mjomba huukwangua kila wiki kwenye injini za boti anazozitengeneza Mtwapa. Mimi nimezaliwa Mombasa, nimekula wali wa sufuria za alumini maisha yangu yote, na bado ikabidi niulizwe.

Nieleze kwa nini Catalina. Babu alikuwa akipakua mizigo Kilindini wakati wa Vita vya Pili, na katika hadithi zake iliyonikaa ni ya ndege zilizokuwa zikilala majini kama mashua, pale Kipevu. Utotoni nilidhani anatutania. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nikajua kwamba kikosi namba 209 cha jeshi la anga la Uingereza kilikuwa Kipevu tangu 1942, na kikosi namba 259 kiliundwa papo hapo mwaka 1943 kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Vyote viwili vilirusha Catalina, kazi yao kusaka nyambizi kwenye Bahari ya Hindi. Tarehe 20 Agosti 1943, Catalina ya kikosi cha 259 na nyingine ya kikosi cha 265 ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini mwa Madagaska. Kipevu ya leo ni makontena na meli za mafuta. Ukisimama pale huoni dalili yoyote ya ndege, na nadhani hilo ndilo lililonisukuma niitengeneze.

Basi, kutu. Nilitaka kuitoa kabla ya mtu mwingine kuiona. Nikachukua thina ya fundi rangi wa magari, ile inayouzwa kwenye vichupa vya soda, nikalowesha kitambaa na kuanza kufuta. Rangi ilitoka vizuri. Kisha nikahisi kitambaa kinanata, na omo ya ndege ikaanza kulainika kama mshumaa. Plastiki ya ndege hizi ni polistirini, na thina ya magari huila. Kazi ya wiki saba iliisha kwa dakika mbili. Mke wangu alipoingia na kuisikia harufu, hakuniuliza kitu. Alifungua madirisha, akatoka.

Kisanduku cha kwanza cha vipande vya ndege nililetewa na binamu yangu anayefanya kazi Sharjah. Cha pili ilibidi nimsubiri arudi likizo, miezi mitano. Sasa naona miezi ile ndiyo iliyonifunza kuliko zile wiki saba za gundi na rangi, maana kila Jumamosi nilikuwa nashuka Mtwapa kwa Mjomba, nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, natazama vyombo vilivyopandishwa pwani. Yeye hajui chochote kuhusu ndege. Lakini kila nikimwonyesha doa kwenye boti, ananiambia lilikotoka. Hili ni dizeli, hujaza tangi bila faneli. Hapa ndipo wanapokanyaga wakiruka kutoka gatini. Huu weupe ni chumvi iliyokauka. Huu mwingine si chumvi, ni rangi yenyewe imekufa kwa jua, ukipitisha kidole kinatoka na unga. Nilikuwa na daftari la mwanangu la hesabu. Nikachora Catalina kwa juu na kwa ubavu, na kila sehemu nikaandika nani au nini angeichafua. Pasipokuwa na jibu, nilijikataza kupaka chochote.

Daftari lile lilinionyesha jinsi kazi ya kwanza ilivyokuwa ya kubahatisha. Ndege inayolala majini haina vumbi la barabara. Haina matope ya magurudumu pia. Nyingi za Waingereza zilikuwa za majini tu, bila magurudumu, zikifungwa kwenye boya, na watu walizifikia kwa mashua. Mafuta yalijazwa juu ya bawa, kwa hiyo kuna watu waliotembea juu ya bawa wakiburuta mipira. Moshi wa injini ulitokea juu, ukalala kwenye bawa nyuma ya injini. Sehemu ya nyuma ya bawa la Catalina haikufunikwa kwa bati bali kwa kitambaa kilichopakwa dawa na rangi, sawa na usukani wa mkiani. Kitambaa na bati havichakai namna moja hata vikipakwa rangi moja siku moja.

Kuunganisha vipande sitakueleza sana. Ni mkasi wa kucha, msasa wa maji namba 800 kisha 1500, puti kidogo kwenye mshono wa mgongo, na subira. Ila chunga vile vioo viwili vya mbonyeo ubavuni, vinavyofanana na macho ya chura: usivibandike kwa gundi kali ya matone. Mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu, na haufutiki kirahisi. Tumia gundi nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani.

Rangi ni ya doria za baharini za Waingereza: juu kijivu kizito, ubavu na tumbo nyeupe. Kwa juu nilitumia chumvi, tena chumvi ya mawe ya Gongoni niliyoiponda kwa mchi ili punje zisilingane. Kwanza unapiga kijivu chenyewe, unakiacha siku nzima. Halafu unanyunyiza maji juu ya bawa na kumwaga chumvi kwa vidole, hapa nyingi, pale chache, na kuiacha ikauke. Juu yake unapuliza kijivu kile kile ulichokichanganya na nyeupe, tabaka jembamba sana. Ikikauka unasugua kwa mswaki mkuukuu, punje zinadondoka, na chini yake panabaki madoa ya rangi nzito yasiyo na mpangilio. Ukitazama karibu ni fujo. Ukirudi hatua mbili ni bawa lililokaa juani miezi minane. Sehemu ya kitambaa niliipuliza mara moja zaidi, iwe imepauka kuliko bati, na mpaka kati yake na bati nikauacha uonekane.

Jambo moja la hapa kwetu: usipulize vanishi wakati wa masika. Nilifanya hivyo mwezi wa tano, mvua ikinyesha, na vanishi ikageuka maziwa kwa sababu ya unyevu hewani. Nilisubiri jua la siku mbili mfululizo, nikapuliza upya, maziwa yakatoweka. Vanishi hiyo ya kung'aa ni lazima itangulie stika za maji, la sivyo hewa hunaswa chini yake na stika hung'aa kama gamba la samaki. Stika zikikataa kulala kwenye mistari ya bati, mimi huzipaka siki nyeupe ya jikoni iliyochanganywa na maji. Hufaa.

Mikwaruzo ndiyo iliyoniharibia ndege ya kwanza kushinda hata kutu, na sikuijua mpaka nilipofanya hesabu. Kwa kipimo cha 1/72, doa la milimita moja ni sawa na sentimita saba na zaidi kwenye ndege halisi. Madoa yangu ya kwanza yalikuwa ya milimita tatu. Yaani nilikuwa nimebandua vipande vya rangi vyenye upana wa sahani ya chakula, mamia yake, kwenye ndege iliyokuwa ikihudumiwa na mafundi kila siku! Safari hii nilinyofoa kipande cha sifongo ya kuoshea vyombo, nikakichovya kwenye rangi ya fedha, nikakifuta kwenye gazeti mpaka kikakaribia kukauka, kisha nikagusa mahali panne tu: kando ya vifuniko vya mafuta juu ya bawa, njia ya miguu, makali ya panga boi ambako maji ya bahari hula rangi, na omo inapopigana na kamba ya boya. Basi.

Moshi nilikuwa nimepanga kuupaka mweusi. Mjomba akanizuia. "Injini yenda mbali kwa mafuta machache, moshi wake si mweusi," akasema. Catalina ilikuwa ikikaa angani saa kumi na tano na zaidi, na rubani alibana mafuta kadiri alivyoweza. Nikasaga makaa kidogo na chaki nyingi ya kijivu, nikapaka kwa brashi laini kuelekea nyuma, kukolea karibu na bomba na kufifia kabla ya kufika ukingoni.

Nikabakiwa na mstari wa maji. Huu niliufanya mara tatu. Mara ya kwanza nilivuta mstari mmoja ulionyooka kwa tepu ya karatasi, ukaonekana kama mshipi wa suruali. Nikamuuliza Mjomba. Akaniambia niende Bandari ya Kale nikatazame jahazi likiwa na shehena, kisha nirudi likishapakua. Sikuhitaji kwenda. Chombo kikijaa kinazama, kikipungua kinaibuka, na kila kina kinaacha alama yake. Catalina iliyojazwa matangi ilikaa chini zaidi kuliko iliyorudi tupu alfajiri. Kwa hiyo nilifanya mistari minne, hakuna uliolingana na mwenzake. Nilidondosha rangi ya mafuta ya wasanii, kahawia na kijani kilichochafuka, nukta nukta, nikazivuta kwa brashi iliyoguswa tapentaini. Tapentaini, si thina. Tena juu ya vanishi iliyokauka. Chini kabisa kijani cha ukoga, juu yake manjano, na kwenye mstari wa juu nyeupe nyembamba ya chumvi. Kando ya ribiti chache za tumbo nikaweka ule ungaunga mweupe wa alumini, kidogo mno hata mwanangu hauoni. Mimi nauona.

Niliipeleka Mtwapa kwenye boksi la viatu, nimeizungushia taulo. Mjomba alikuwa ameshika spana, akaiweka chini, akafuta mikono kwenye kikoi. Safari hii aliishika kwa vidole viwili, akaizungusha taratibu, akasimama kwenye tumbo. Akatazama mistari. Akaitazama tena, ameisogeza mpaka karibu na pua.

"Hiki chombo kimekaa majini mno," akasema. "Waambie wenyewe wakipandishe, wakisugue. Hivi hakiruki."