Kaunta buku la dada ndo lilinifundisha kupanga databesi

Dada yangu anauza viatu Kariakoo, upande wa Mtaa wa Kongo, mwaka wa tisa huu. Mwaka jana akaniita akaniambia mdogo wangu, wateja wote sa hivi wako kwenye simu, nitengenezee duka la mtandaoni mtu achague raba yake alipe boda impelekee, maana kila usiku nashinda WhatsApp najibu "bei gani" mpaka macho yanauma. Mi kazi yangu ni websaiti kwahiyo nikakubali palepale, na kwa kweli nilitaka sana kumfanyia kitu kizuri, huyu ndo kanilipia ada.

Nikaanza na muonekano kama wengi tunavyoanza, rangi, picha, kitufe cha kununua. Databesi, yani pale taarifa zote za duka zinapohifadhiwa, nikaipa jioni moja tu. Jedwali la viatu lenye jina, bei, picha na idadi iliyopo, jedwali la oda lenye mteja, namba ya kukitambulisha kiatu (sio saizi) na pea ngapi. Jumla ya oda sikuihifadhi popote, programu ilikuwa inaenda kwenye jedwali la viatu inachukua bei inazidisha. Niliona nimefuata sheria kabisa, maana tangu Edgar Codd, mtafiti wa kampuni ya kompyuta ya IBM, alipoandika mwaka 1970 kuhusu kupanga data kwenye majedwali yanayohusiana, tunafundishwa kwamba jambo moja likae sehemu moja, usiliandike mara mbili litakuja kupingana lenyewe. Bei ni jambo moja, basi ikae kwenye kiatu. Ndo nilivyowaza.

Ikaenda vizuri wiki kama sita hivi. Afu mzigo mpya ukaja kwa bei ya juu, dada akapandisha raba moja kutoka 35,000 mpaka 38,000, na kuanzia dakika ile kila oda ya zamani ya raba ile ikahesabiwa upya kwa 38,000. Ripoti ikaonyesha mama mmoja wa Tabata kalipa pungufu 3,000. Dada akampigia kudai. Yule mama ni mteja wake wa miaka mingi, akamtumia meseji ya malipo, 35,000, na tarehe yake, akasema mwanangu mi sijawahi kukudhulumu. Dada aliomba radhi mpaka basi, na mi nilikuwa nimekaa pembeni nasikia yote, nakwambia iliniuma.

Jioni ile tulipofunga duka akalitoa kaunta buku lake kubwa akalifungua. Kila mstari una tarehe, kiatu, saizi, pea ngapi, bei, jumla, kalipa au deni. Akaweka kidole kwenye safu ya bei akaniambia hii sijawahi kuifuta hata siku moja, nikipandisha bei napandisha kwa anayekuja, aliyeshaondoka kaondoka na bei yake.

Hapo nikaelewa nilipokosea. Bei ya kiatu leo na bei aliyouziwa mtu siku ile ni mambo mawili tofauti, hata kama siku ile zilikuwa namba ileile. Codd hakukosea, mi ndo nilihesabu mambo mawili kama moja. Kwahiyo oda ikagawanyika, kuna oda yenyewe, nani kanunua, lini, anapelekewa wapi, na chini yake kuna mistari ya oda, kila mstari una kiatu, idadi na bei iliyonakiliwa pale mteja alipobonyeza kununua, na ule mstari haubadilishwi tena. Hata jina la kiatu nimelinakili humo, maana dada hubadilisha majina ya bidhaa anavyojisikia.

Kaunta buku lilikuwa na kurasa za nyuma pia, za mzigo. Zimeingia pea ngapi, zimetoka ngapi, kwa saizi na rangi. Mi nilikuwa nimeandika "zipo 12" kwa raba nzima wakati mwenye mguu wa 39 anayetaka nyeusi haimsaidii chochote kama zote 12 ni nyeupe za 42. Raba moja yenye saizi 37 hadi 42 na rangi tatu ni mistari 18 kwenye databesi, kila mmoja na idadi yake, hamna njia ya mkato hapo. Na ile idadi nayo sasa ina jedwali la miendo nyuma yake, mzigo umeingia, umeuzwa, umerudishwa, kiatu kimoja kina kasoro, kila kitu kinaandikwa kama mstari mpya, ili namba ikigoma kulingana na rafu unarudi nyuma kuona ilipopotelea.

Kuna jioni moja ya mwisho wa mwezi, mishahara imetoka, watu wawili wakanunua pea moja ya mwisho. Programu ilikuwa inasoma kwanza, ipo 1, afu ndo inapunguza, na kati ya kusoma na kupunguza mwingine naye akasoma 1. Dawa yake ni kuipa databesi amri moja tu, punguza moja endapo iliyobaki inazidi sifuri, afu uiulize mistari mingapi imebadilika. Ikijibu sifuri basi kiatu kimeshachukuliwa, mwambie mteja palepale kabla hajatoa hela. Mi naishikilia pea dakika 20 wakati mteja anaweka namba ya siri kwenye simu, asipolipa inarudi dukani.

Na hivi vyote, oda, mistari yake, kupunguza mzigo, viwe muamala mmoja, vipite vyote au visipite kabisa. Nilipata oda zisizo na kiatu ndani kwa sababu nilinakili mfano wa zamani wa MySQL, programu ya databesi ninayotumia, na mfano ule ulitumia MyISAM, injini yake ya zamani ya kuhifadhi majedwali, ambayo haina miamala, na ukiiandikia funguo za kuunganisha majedwali inazipokea kimyakimya na kuzipuuza. Injini nyingine, InnoDB, inavyo vyote viwili, na ndo MySQL inayoitumia yenyewe usipochagua tangu toleo la 5.5 la mwaka 2010, kwahiyo ukichukua mfano mtandaoni angalia umri wake jamani.

Malipo ya simu nayo, taarifa ya kwamba mtu kalipa inaweza kukufikia mara mbili, seva yako ikichelewa kujibu kampuni ya malipo inatuma tena, ni kawaida. Weka namba ya muamala, ile inayokuja na malipo, iwe ya kipekee kwenye jedwali la malipo, ya pili itakataliwa na databesi yenyewe hata kama programu yako imesahau kukagua. Namba za simu hifadhi kama maandishi, ukiweka kama tarakimu sifuri ya mbele inaliwa, mi nazigeuza zote zianze na 255.

Anwani nilitaka mtaa, namba ya nyumba na postikodi, vyote vya lazima. Watu wakawa wanaishia hapo wanaondoka. Sa hivi ni wilaya, kata, na kisanduku kikubwa cha maelezo, na mtu anaandika shuka Tabata Relini, uliza fundi cherehani, geti la bluu, na dereva wa boda anafika bila kupiga simu hata mara moja.

Dada bado anaandika kaunta buku kila jioni na mi simwambii aache, tunalinganisha Jumapili. Jumapili iliyopita pea mbili zilipishana, 40 imezidi moja na 41 imepungua moja, tukafuatilia miendo tukakuta mtu alikuja dukani kubadilisha kiatu kilichombana, akapewa kingine, na kwenye mfumo hakuna aliyeandika. Kwahiyo wiki hii naongeza kubadilisha, iandike mistari miwili kwa pamoja, 40 imerudi na 41 imetoka. Dada kashaniuliza, je kama siku anabadilisha bei imeshapanda, tunamhesabia ipi? Yeye kwenye kaunta buku huwa anamwachia bei yake ya zamani.